Ombi la Kupumzishwa Kazi ya Kuwa Jamii ya Kituo cha Utafiti wa Maji

Chumba cha Mapazia,
Nyuma ya ukuta wa Kituo,
Mlango wa bluu (sasa una alama nyekundu).

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mpango wa Mustakabali wa Miaka Arobaini,
Kituo cha Utafiti wa Maji, Chuo Kikuu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mustakabali wote ulio mikononi mwako. Mimi ni mzima, ila nina mafua kidogo, na kwa utaratibu wa Kituo chenu hiyo maana yake ni kwamba asilimia mia moja ya jamii ina mafua. Hilo ndilo jambo lililonifanya nikae chini niandike.

Huenda hunijui kwa sura, kwa sababu wewe hufika kufungua warsha na kurudi kuifunga, na mimi hukaa pale katikati. Kwa kazi mimi ni fundi wa mapazia. Nina chumba changu cha kushonea nyuma ya ukuta wa Kituo, na nimekuwa hapo miaka kumi na sita. Katika nyaraka zenu, hata hivyo, hakuna fundi wa mapazia. Kuna Jamii. Si mwakilishi wa jamii, wala mjumbe kutoka katika jamii, ni Jamii yenyewe. Ukisoma mahali pameandikwa "Kituo kilishauriana na Jamii", aliyeshauriwa ni mimi. Palipoandikwa "Jamii ilionyesha furaha kubwa", siku hiyo kulikuwa na keki.

Kabla sijaorodhesha malalamiko yangu, ni haki nieleze nilivyoingia, usije ukadhani niligombea.

Ilikuwa Jumanne, miaka miwili iliyopita. Mkurugenzi wa Kituo aliniita nipime madirisha sita ya ukumbi wenu wa mikutano, kwa sababu jua la asubuhi hupiga moja kwa moja kwenye ule ukuta mnaoonyeshea picha za projekta, na wasomi walikuwa wanautazama mustakabali huku wamekunja nyuso. Nilifika na tepu yangu shingoni nikakuta watu wameketi. Nikasema moyoni, nitapima polepole bila kumsumbua mtu. Nilikuwa bado niko dirisha la kwanza pale binti wa mahudhurio, yule mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe, aliponiletea karatasi. Niliona kila mtu ametia sahihi. Mimi nimelelewa, Ndugu Mwenyekiti, na nikiwa ugenini nikaletewa kitu sikisukumi. Nikaandika jina, nikaandika namba ya simu, nikatia sahihi. Penye "Taasisi" nikaacha wazi.

Binti akaninong'oneza, "Mama, umetokea wapi?"

Nikamwambia, "Mimi wa hapa hapa nyuma, mwanangu."

Akaandika: Jamii.

Sikuona ubaya. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi na wateja. Lakini muda si mrefu Mkurugenzi alipewa ile karatasi, akaisoma, uso ukamng'aa, akasimama. "Ndugu zangu," akasema, "leo ni siku kubwa. Jamii iko nasi humu ndani!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kisha nikageuka kutazama mlangoni nione nani ameingia.

Tangu siku hiyo nimehudhuria warsha kumi na saba. Nina mikoba kumi na saba iliyoandikwa "Maji ni Kesho Yetu", na watu wa nyumbani kwangu wakienda nayo sokoni wote kwa pamoja wanaonekana kama kwaya. Nimejikaza kadiri nilivyoweza. Sasa nimefika mwisho, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kunukuliwa. Siku ile ile ya kwanza Mkurugenzi aliniuliza mbele ya watu wote, "Jamii inasemaje kuhusu miaka arobaini ijayo?" Mimi nilikuwa nimeshika kona ya dirisha kwa mkono mmoja na tepu kwa mkono wa pili. Nikajibu nilichokuwa nacho kichwani: "Hapa panataka kitu kizito, jua hili si la mchezo." Profesa mmoja mzee alivua miwani akaifuta. Katika muhtasari wa kikao, ambao niliusoma miezi mitatu baadaye, imeandikwa: "Jamii imetahadharisha kuhusu ongezeko la joto na kudai hatua nzito." Leo hii hiyo ndiyo Nguzo ya Pili ya Mpango wenu. Nguzo hiyo ina kamati ndogo, na kamati ndogo ina gari. Madirisha bado hayana pazia. Kila nikija na tepu kuna mtu ananivutia kiti, na kwa miaka miwili nimeweza kupima madirisha manne na nusu.

2. Maji ya nyumbani kwangu. Watafiti wenu walikuja na dodoso lenye maswali mia moja na kumi na mawili. Niliyajibu yote na chai nikawapikia. Nilisema kwamba mimi binafsi hutumia ndoo mbili kwa siku, na ya tatu siku ya kuosha nywele. Ikatoka taarifa yenye jalada la rangi: "Jamii hutumia ndoo mbili kwa siku." Hapo sikulalamika, kwa kuwa ni kweli. Lakini baadaye nilipata kazi ya kufua mapazia ya nyumba ya wageni, vyumba ishirini, nikafua siku mbili mfululizo. Kituo kikatangaza kwamba matumizi ya maji ya jamii yamepanda mara kumi na nne kwa sababu isiyojulikana. Walifika wataalamu watatu wamevaa kofia ngumu, wakasimama uani kwangu wakiitazama kamba ya nguo kwa hofu. Nikawaambia, "Jamani, ni mapazia." Mmoja akaandika kwenye daftari lake: "Chanzo: mapazia. Kithibitishwe."

Kisha nikaenda kumwangalia dada yangu aliyekuwa amejifungua, nikakaa huko siku tano. Matumizi ya jamii yakashuka hadi sifuri. Nasikia Mkurugenzi hakugusa chakula. Alipiga simu huku na kule akisema jamii imetutoka, na niliporudi nilikuta lori la maji ya msaada limeegeshwa mlangoni pangu, dereva amelala usingizi wa pono, na majirani wote wanajaza ndoo, mitungi na mabeseni, wakanipungia mikono kwa furaha. Hakuna mtu wa Kituo aliyewauliza majirani hao kama nao wamekwisha. Hawakuwa kwenye karatasi ya mahudhurio.

3. Mama mkwe wangu. Mama wa mume wangu anaishi nasi. Ni mtu safi kupita kiasi: anaosha miguu mara tisa kwa siku, na kila anapoosha miguu anaosha na kizingiti. Mtakwimu wenu, kijana mpole anayeongea akitazama viatu vyake, alipoweka ndoo za mama mkwe katika hesabu, wastani wote wa jamii ukaharibika. Akaja nyumbani na karatasi. Akamwambia, "Bibi, samahani sana, tumekuondoa kwenye jamii. Si kwa ubaya, ni kitaalamu tu." Nimekaa na mama mkwe miaka ishirini na miwili, tumenuniana, tumepatana, tumegombania jiko, na hata siku moja sijawahi kuthubutu kumtoa hata kwenye kiti. Kituo kilimtoa kwenye jamii kwa dakika kumi. Yeye anaamini ni mimi niliyepanga. Tangu hapo akitaka chumvi anamwomba mwanawe aniombe mimi, na sisi wote watatu tuko meza moja.

4. Kazi za vikundi. Kila warsha baada ya mapumziko tunagawanywa: wasomi meza ile, Sekta Binafsi meza ile, Vijana kule, Jamii hapa. Sekta Binafsi ni kinyozi, jirani yangu, aliyekuja siku moja kumnyoa mtakwimu kabla ya kikao akapitiwa na ile karatasi. Vijana ni mlinzi wa geti lenu, ambaye ana wajukuu saba. Hao wanajitetea wenyewe, mimi nasema langu. Mimi hupewa meza nzima, karatasi kubwa ya kubandika ukutani na kalamu nne za rangi, na naambiwa: "Jamii, chagueni mwenyekiti, katibu na mtunza muda, mjadiliane kwa dakika arobaini na tano." Mara ya kwanza nilijichagua mwenyekiti, nikajipa ukatibu kwa shingo upande, na utunza muda nikaukataa kwa sababu sina saa. Nikakaa nikishika tama dakika zote hizo. Tulipoitwa kuwasilisha, nilisema kikundi hakikuafikiana. Mkurugenzi alifurahi mno. Alisema hiyo ndiyo demokrasia, na ikaandikwa kwamba "ndani ya Jamii kuna mitazamo tofauti".

5. Kiti changu chenye kibao cha JAMII kina mguu mmoja mfupi. Hili ni dogo, nalitaja tu kwa kuwa ni mimi ninayekikalia.

6. Grafu. Katika warsha ya tisa mtakwimu alituonyesha utabiri wa miaka arobaini ya Mpango. Mvua ilikuwa na mstari wake, mto ulikuwa na mstari wake, na Jamii ilikuwa na mstari mwekundu. Mimi nina miaka hamsini na nne. Mstari wangu ulianza vizuri, ukatembea sawasawa miaka kumi hivi, halafu ukaanza kuinama. Mtakwimu akaeleza, akitazama viatu, kwamba jamii itaendelea kuzeeka, itatumia maji kidogo zaidi mwaka hadi mwaka, kisha mahali fulani itafika kwenye sifuri na haitarudi. Wasomi wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mkurugenzi akasema, "Hii ndiyo changamoto yetu kubwa kuliko zote." Halafu tukaenda kunywa chai.

Ndugu Mwenyekiti, watu wengi hufa bila kujua mwaka. Mimi nilionyeshwa mwaka wangu ukutani, mbele ya kinyozi. Na kwa kuwa asubuhi ile jua lilikuwa linapiga kwenye ule ukuta, sikuona vizuri kama mstari unaishia mwaka wa ishirini na moja wa Mpango au wa ishirini na saba. Kwenu labda ni tofauti ndogo. Kwangu mimi ni miaka sita, na ningependa kujua.

7. Bwawa. Hapa ndipo penye kidonda, na ningeyavumilia yote ya juu kama si hili.

Mpango wenu unaanza na Bwawa la Mfano. Nimeelezwa kwamba ni bwawa dogo la zege ambamo wataalamu watafanyia majaribio mafuriko na ukame wa miaka arobaini ijayo, ili vikija viwe vimeshazoeleka. Bwawa lilihitaji mahali, na sharti mlilojiwekea wenyewe ni kwamba lazima liwe mahali ambapo Jamii imeridhia. Katika warsha ya kumi na tano ramani iliwekwa ukutani. Siku hiyo nilikuwa nimepania kumaliza dirisha la tano, potelea mbali. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, kile chenye mguu mfupi, nimebandika kitambaa cha kujaribia pindo, na mdomoni nilikuwa na pini saba. Sisi mafundi hatuna mfuko mwingine wa pini kazi ikiwa imepamba moto.

Nyuma yangu nikasikia Mkurugenzi akiuliza, "Eneo la chumba cha mapazia. Jamii ina pingamizi?"

Nikashtuka. Nikageuka. Nikasema "Mmmh!", na mtu mwenye pini saba mdomoni hawezi kusema zaidi ya hapo. Nikainua kidole juu, kwa maana ya kwamba ningojeni kidogo, nizitoe. Nilikuwa bado nahesabu pini mkononi, maana ukimeza moja umekwisha, pale nilipowasikia wamefika kwenye ajenda nyingine. Katika muhtasari imeandikwa: "Jamii iliinua mkono na kuunga mkono kwa kauli moja."

Siwalaumu kwa kusema kauli moja. Nilikuwa mmoja.

Mwezi uliopita walikuja watu wawili na vigingi na kamba. Wakachora alama nyekundu kwenye mlango wangu, tena rangi yenyewe imechuruzika. Nilipowauliza mnafanya nini, mmoja akasema, "Mama, hata sisi tunakuonea huruma, ila tumeambiwa Jamii ndiyo iliyotaka."

Naomba nikueleze chumba hicho, kwa sababu kwenye ramani yenu ni mraba wa kijivu. Kina cherehani ya kukanyaga niliyoinunua kabla sijaolewa. Kina majora ya vitambaa hadi darini. Kina meza ya kukatia, mita tatu kwa moja na nusu, ambayo seremala aliijengea humo humo ndani na haipiti mlangoni. Ikitoka itatoka vipande. Juu ya meza hiyo nimekata mapazia ya hospitali, ya shule mbili, na ya maharusi wasiohesabika, na wanangu watatu wamelala juu yake walipokuwa wadogo, wamefunikwa kwa bitana. Kila mmoja nimemsomesha kutoka humo. Nikiwa mle ndani hakuna anayeniita Jamii wala mke wa fulani wala mkwe wa fulani. Naogopa, Ndugu Mwenyekiti. Nimeandika maneno mengi ya kiofisi katika barua hii lakini neno lenyewe ni hilo. Usiku nasikia sauti ya sururu na hakuna sururu.

8. Rufaa yangu. Nilipiga moyo konde nikaenda kwa Mkurugenzi. Alinipokea vizuri, sitaki kumsingizia. "Mama Jamii, karibu, karibu sana," akanipa kiti kizima na chai. Nikamweleza kwamba mimi fundi wa mapazia napinga kubomolewa. Akasikiliza, akasikitika kweli, macho yake yalilowa. Kisha akafungua kabati, akasema, "Utaratibu upo. Malalamiko ya mtu binafsi dhidi ya uamuzi wa Jamii yanapelekwa kwa Jamii, na Jamii inatakiwa kujibu ndani ya siku kumi na nne."

Nikajaza fomu. Binti wa mahudhurio akaigonga mhuri, akaizungusha juu ya meza, akanikabidhi mimi mwenyewe, akanipa daftari nisaini kwamba nimepokea.

Nikarudi nyumbani nikalishughulikia ombi langu. Nilitaka kujikubalia hapo hapo. Lakini nyuma ya fomu kuna kipengele kinachomkataza mjumbe kuamua jambo lenye maslahi yake, na mimi sipendi mambo ya ujanja ujanja. Ikanibidi nijitoe kwenye kikao. Nilipojitoa, akidi ikavunjika. Nikaahirisha. Kikao cha pili hivyo hivyo. Siku ya kumi na nne ikapita, na kwa mujibu wa kipengele cha chini yake, Jamii isipojibu kwa wakati, mlalamikaji anahesabiwa ameridhika. Nimepokea barua ya Kituo ya kunishukuru kwa kuridhika kwangu. Niliipokea mara mbili, moja kama mlalamikaji na nyingine kama nakala kwa Jamii.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu, na sidhani ni makubwa.

Kwanza, nipumzishwe kuwa Jamii kuanzia tarehe mtakayoipokea barua hii. Sina sifa. Mimi ni mwanamke mmoja, mwenye mafua, mwenye ndoo mbili. Jamii ni watu wengi, na watu wengi hawawezi kukaa kwenye kiti kimoja, hasa kile. Niko tayari kurudisha mikoba yote isipokuwa mmoja uliochanika.

Pili, na hili ndilo kubwa, kabla sururu haijagusa ardhi nendeni mtaani. Acheni warsha, acheni grafu, vaeni viatu vya kutembelea mpite mlango kwa mlango mkawaulize watu wenyewe, kila mtu kwa kinywa chake, mkubwa kwa mdogo. Mustakabali wa Kituo hauwezi kupangwa kwa kidole cha mtu mmoja aliyesimama juu ya kiti. Watu wa mtaa huu wana akili zao na wana utu. Wananijua. Nimewashonea, nimewazika wazee wao pamoja nao, nimewaazima sufuria ambazo nyingine ziko kwao mpaka leo. Mkiwauliza watu hao mtapata jibu la haki, na chochote watakachosema, nasema chochote, nitakipokea kwa mikono miwili na sitafungua kinywa tena.

Tatu, nipewe asubuhi moja tulivu nimalize dirisha la tano na la sita.

Nikiamini kwamba Kamati yako itayatazama haya kwa jicho la huruma, nawasalimu wote: Mkurugenzi na macho yake mepesi, binti wa mahudhurio, mtakwimu (mwambie kola ya shati lake imekatika, alilete), profesa mzee wa miwani, Sekta Binafsi, Vijana na wajukuu zake saba, dereva wa lori la maji kama ameshaamka, na wale samaki wawili wa maabara ambao kila nikipita wananitazama vizuri. Mama mkwe naye angewasalimu, ila hamkumhesabu.

Wako katika kazi,

Fundi wa Mapazia
(ambaye hadi mtakapojibu ni Jamii)

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha nikaona niwarahisishie kazi. Ombi la pili linahitaji miguu, na najua miguu ya Kamati ina ratiba. Kwa hiyo jana alasiri nilichukua daftari la vipimo nikapita mtaa mzima mwenyewe, mlango kwa mlango, nikauliza swali moja tu: bwawa lichimbwe penye chumba cha mapazia, au lisichimbwe?

Milango ilikuwa arobaini na mmoja, pamoja na ule wa chumba changu cha mapazia. Nilianza kwa mama anayeuza mayai, ambaye nguo zake za harusi ni mkono wangu. Alisema chumba changu kimeziba njia ya mkato ya kwenda barabarani kwa miaka kumi na sita, na kwamba hajawahi kusema kitu kwa sababu hajawahi kuulizwa. Alinishukuru sana kwa kumuuliza. Kinyozi alisema bwawa litaleta watu wa kukaa, na mtu akikaa mahali nywele zinaota. Fundi viatu alisema cherehani yangu inamwingia kichwani, lakini nisimchukulie vibaya. Wengine hawakuwa na sababu, walitaka tu kuona bwawa. Mlango wa thelathini na tisa ulikuwa wangu. Mume wangu alifikiri kwa muda mrefu kuliko watu wote, jambo ambalo moyoni nilimshukuru, kisha akasema kwamba pembeni mwa bwawa huwa kuna upepo mzuri, na kwamba mimi nami ningepata nafasi ya kukaa nyumbani.

Matokeo ni haya: thelathini na tisa wanataka lichimbwe, mmoja hakuwepo, na mmoja ni mimi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba ombi la kwanza na la pili yafutwe, na palipoandikwa kwamba sina sifa pasomwe kwamba ninazo. Wale niliowatembelea jana si Jamii. Ni watu tu. Hawajahudhuria hata warsha moja, hawajui hata nguzo moja, hawana hata mkoba. Jamii ya Kituo hiki ni mimi, mwenye uzoefu wa warsha kumi na saba, na Jamii imekaa, imejadiliana, na kwa kauli moja imekataa bwawa. Andikeni hivyo kwenye muhtasari, na nawasihi sana, kwa faida ya mustakabali, msiwaulize watu.